Gede ina ramani, mitaa yetu ina majina

Mtu akiingia magofu ya Gede, maili kumi hivi kusini ya Malindi, na kufuata njia iendayo kwenye majumba, ataonyeshwa nyumba moja iitwayo Nyumba ya Jahazi. Haikuitwa hivyo kwa kuwa mwenyewe alikuwa nahodha, wala hapana ajuaye kama alikuwa na chombo baharini. Imeitwa hivyo kwa sababu mtu fulani, zamani hizo, alichukua kitu chenye ncha akachora jahazi juu ya lipu ya ukuta.

Hatumjui mtu huyo. Huenda alikuwa mtoto aliyezuiwa ndani na mvua ya masika. Huenda alikuwa baharia akingojea pepo zigeuke. Tunalolijua ni moja tu: chombo kilikuwa kichwani mwake kabla hakijawa ukutani.

Basi makala ya leo, ndugu msomaji, yahusu kazi hiyo ya kutoa kitu kichwani na kukitia katika mstari. Yawahusu vijana wetu wanaosomea usanifu wa majengo, watu ambao wengi wetu twawaita wachora ramani. Kazi yao huonekana kuwa ni karatasi na rula tu, na siku hizi kompyuta. Lakini ndani ya karatasi hizo mna jambo linalotuhusu sote tunaoishi mwambao huu, kutoka Kilifi hadi Mambrui.

WANAOPIMA KUTA

Nilifika Gede asubuhi ya Jumamosi moja, wakati wa kaskazi, baada ya kuambiwa kwamba wako wanafunzi waliokuja kupima. Nikawakuta watatu katika moja ya majumba yale. Mmoja ameshika ncha ya utepe wa kupimia, wa pili akisoma hesabu kwa sauti, na wa tatu, msichana aliyejitanda mtandio mweusi, ameketi juu ya kizingiti akiandika.

Nikawauliza: "Kuta hizi si zimekwisha pimwa na wataalamu? Mwazipima tena za nini?"

Msichana akacheka. "Ni kweli zimepimwa, ami. Lakini mwalimu wetu amesema hatakubali tuchore nyumba mpya kabla hatujajua kuichora ya zamani. Jicho hudanganya. Mkono uliopima haudanganywi."

Kumbe yeye ni mzaliwa wa Malindi, mjukuu wa fundi wa kuashi aliyejenga na kukarabati nyumba nyingi za mawe mjini humo. Amekwenda Nairobi kusoma, na sasa yuko mwaka wa mwisho. Aliniomba nisitie jina lake gazetini, nami nimeliheshimu ombi lake.

Kusomea kazi hii Nairobi si jambo la jana. Chuo cha Royal Technical College kilipofunguliwa mwaka 1956, chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, usanifu wa majengo ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Kabla ya hapo kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu hiyo ilimbidi avuke bahari.

AINA ZA MICHORO

Nilimwomba anieleze kama mtu asiyejua kitu, naye akanieleza.

Mchoro wa kwanza ni ramani ya sakafu. Fikiri umepanda juu ya mnazi, nyumba imeondolewa paa, nawe watazama chini. Utaona kuta, milango na njia ya kupita, lakini hutaona urefu wa kwenda juu. Mchoro wa pili ni sura ya nje, yaani nyumba inavyomtazama mpita njia. Wa tatu ni mkato. Hapa fikiri nyumba imekatwa kwa kisu kama halua kwenye sahani, ukaona ndani yake: dari, ngazi, madirisha, na jua linapoingilia. Wa nne ni taswira, inayoonyesha nyumba pamoja na watu, miti na vivuli.

Uko na mchoro wa tano, nao ndio unaowafanya wazazi washangae wanapoona ada yao imekwenda wapi. Huo ni mchoro wa njozi. Mwanafunzi huchora nyumba inayoelea juu ya hori, au mji uliojengwa ndani ya mbuyu, au msikiti ambao kuta zake ni maji. Nyumba hizo hazijengeki, na wakati mwingine mwenyewe anajua kwamba hazijengeki.

"Sasa faida yake nini?" nikauliza.

"Karatasi haikatai," akajibu. "Ukikosea kwenye karatasi umepoteza karatasi. Ukikosea kwenye mawe umepoteza nyumba ya mtu. Kwa hivyo twakosea kwanza huku."

Akaongeza kwamba walimu wao hawaanzi kwa kuuliza nyumba yako ina vyumba vingapi. Huanza kwa kuuliza: wazo lako ni nini? Unataka mtu akiingia ahisi nini, aone nini kwanza, afichwe nini? Mwanafunzi asiye na jibu, hata akipiga mistari iliyonyooka namna gani, huambiwa arudi akafikiri.

BORITI ILIAMUA

Wazee wetu hawakuwa na karatasi hizo. Walikuwa na kamba, vigingi na viungo vyao wenyewe: wanda, shibiri, dhiraa na pima. Nyumba ilichorwa chini ya ardhi palepale itakapoinuka. Mwenyewe alisimama, fundi akanyosha kamba, wakakubaliana, na Bismillahi ikasomwa.

Lakini asidhani mtu kwamba hawakuwa na wazo. Tazama vyumba vya Gede. Ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu. Sababu yake ni boriti. Mti wa mkoko una kimo chake, na dari ya mawe na chokaa ni nzito, kwa hivyo chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti ilivyoweza kubeba. Basi mafundi, walipoona hawawezi kupanua, wakapanga vyumba kimoja nyuma ya kingine.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo kubwa la nyumba ya Kiswahili. Wenye kuzijua nyumba za Lamu watakumbuka mpango wake. Nje liko daka lenye baraza zake, ambapo mgeni wa njiani huketi. Kisha tekani, ambayo hugeuza njia ili jicho la mpita njia lisifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda chenye mwanga. Kisha misana. Kisha ndani, penye zidaka na kiza cha heshima. Kila hatua unayokwenda ni ya mtu wa karibu zaidi. Mgeni ana mpaka wake, jamaa ana wake, na mwenye nyumba ana wake. Hapana mahali palipoandikwa "usipite," lakini kila mtu alijua pa kusimama.

Boriti ndiyo iliyomwamulia fundi upana wa chumba. Leo mwanafunzi ana zege na nondo, chumba chaweza kuwa na upana wowote autakao. Kwa hivyo lile ambalo zamani mti ulimwamulia babu, sasa yeye hana budi kuliamua mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kuulizwa wazo lake ni nini. Zege halina wazo.

Yako mambo mengine ambayo mwambao huu humpa mchoraji bure. Katika kila ramani mwanafunzi hutakiwa atie mshale wa kuonyesha kaskazini. Malindi iko digrii 40 na kidogo za mashariki, na Makka iko digrii 40 kasoro kidogo. Maana yake ni kwamba kwetu sisi mshale wa kaskazini na mshale wa kibla ni karibu mshale mmoja. Ndiyo sababu mihirabu ya misikiti ya zamani, kuanzia msikiti mkuu wa Gede mpaka ile ya Mnarani ng'ambo ya hori ya Kilifi, imeelekea upande wa kaskazini. Mwanafunzi wa mji mwingine duniani hutia mishale miwili. Wa Malindi akitia mmoja amemaliza kazi.

NYUMBA ZISIZO NA WENYEWE

Turudi Gede. Mji huu ulihamwa yapata karne ya 17 ukamezwa na msitu. Mwaka 1927 serikali ya wakati huo iliutangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na tangu mwaka 1948 Mwingereza James Kirkman alikaa hapo miaka kumi akichimba na kupima. Mwaka 1966 msanifu mmoja wa majengo, Peter Garlake, alitoa kitabu kikubwa juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani yetu, kilichojaa ramani na mikato ya misikiti na majumba kutoka kaskazini hadi kusini. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza mji wa Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa hivyo ramani za Gede tunazo, na ni nzuri. Twajua mlango uko wapi, kisima kiko wapi, choo kiko wapi, na maji ya kutawadhia yalipita wapi. Lakini tazama majina ya nyumba zenyewe: Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Bakuli la Kaure. Nyumba ya Simbi. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Sarafu za Kichina. Hayo ni majina ya vitu vilivyookotwa na wachimbaji. Wenyewe waliokuwa wakiishi humo, waliozaa na kuoza watoto humo, hatuna jina la hata mmoja tunaloweza kuliweka juu ya mlango wake. Liko kaburi lililoandikwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tarehe imebaki, lakini nyumba zote zimepotelewa na wenyewe.

Tena anayechora ndiye anayetaja. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 juu ya msikiti mkuu kiliuita Gede mji wa Kiarabu. Ilichukua miaka mingi kabla wataalamu waliofuata hawajasema wazi kwamba huu ulikuwa mji wa watu wa pwani hii, Waislamu wenye lugha yao na ufundi wao, waliofanya biashara na Bara Arabu, Bara Hindi na Uchina bila ya kuacha kuwa wenyeji.

Wakati nikiyafikiri hayo, msichana yule alinieleza kisa cha nyumbani kwao kilichonifanya nione upande wa pili wa jambo hili.

KISIMA KILIKUWA WAPI?

Mamake babu yake alikuwa na nyumba ya mawe katika mtaa wa Shela, Malindi. Nyumba hiyo iliuzwa miaka mingi iliyopita, ikabomolewa, na mahali pake pakainuka jengo jingine. Jina la nyumba halijasahauliwa. Mpaka leo wazee huitaja wanapoelekezana njia. Lakini babu na dada yake hawakubaliani kisima kilikuwa upande gani. Babu asema kilikuwa mkono wa kulia wa kiwanda. Dada yake asema la, kulia kulikuwa na ngazi, na kisima kilikuwa kushoto, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiteka maji.

"Wamelijadili jambo hili kila Idi tangu nilipokuwa mdogo," alisema. "Hakuna aliyepima, hakuna aliyechora. Wao wawili wakiondoka, kisima kitakuwa hakikuwako."

Hapo nikatanabahi. Gede tuna ramani, hatuna majina. Katika mitaa yetu tuna majina, hatuna ramani. Lililowapata watu wa Gede limekwisha kuwapata. Lakini hili letu latokea mbele ya macho yetu, na dawa yake ni utepe wa kupimia na daftari la shule.

Lamu wamelitambua hilo mapema kuliko sisi. Usam Ghaidan, msanifu kutoka Iraq aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya mji huo, na nyumba zake zikachorwa vyumba na zidaka. Mji wa kale wa Lamu ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Na kama yuko anayedhani kwamba jengo la mawe ni la milele, na akumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka mchana kweupe.

WALIOANZA KWA KARATASI

Pengine msomaji atauliza: haya ya kupima tumeyafahamu, lakini yale ya kuchora njozi yamemfikisha nani wapi?

Nitakutajia wawili.

Wa kwanza ni mwanamke, Zaha Hadid, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1950. Alikwenda kusoma London, na kazi yake ya mwisho chuoni, ya mwaka 1976 na 1977, ilikuwa hoteli juu ya daraja la mto Thames. Umbo lake alilichukua kutoka kwa vinyago vya mchoraji wa Kirusi, Malevich. Haikujengwa, wala haikukusudiwa kujengwa. Mwaka 1983 alishinda mashindano ya kubuni jumba la starehe mlimani Hong Kong kwa picha za rangi ambazo watu walizikodolea macho. Hilo pia halikujengwa. Kwa miaka mingi akaitwa msanifu wa karatasi. Kisha mwaka 1993 kituo chake cha zimamoto kikasimama Ujerumani, na baada ya hapo majengo yakamfuata mji kwa mji. Mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu wa majengo hakuna inayotukuka zaidi. Alifariki mwaka 2016.

Wa pili ni Mwafrika, Francis Kéré wa Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, akaendelea mpaka akaingia chuo kikuu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichora skuli kwa ajili ya kijiji chake cha Gando. Wenyeji walipinga mwanzoni, wakasema udongo ni wa maskini na hauwezi masika. Akawaonyesha kwamba matofali ya udongo yakichanganywa na saruji kidogo, na bati likiinuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati, watoto watasoma bila kuungua. Kijiji kizima kikajenga. Skuli ilikamilika mwaka 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa ile ya Pritzker.

Na nisije nikasifu tu. Yuko pia Hassan Fathy wa Misri, mchoraji hodari aliyechanganya ramani na taswira katika karatasi moja kama michoro ya Mafirauni, miti na wanyama wakiwamo. Katika miaka ya 1940 alibuni na kuanza kujenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, kwa matofali ya udongo na kuba nzuri mno. Lakini wanakijiji waliokusudiwa kuhamia wengi wao walikataa, kwa kuwa riziki yao ilikuwa kule walikokuwa, kwenye makaburi ya kale. Ramani ilikuwa nzuri, wazo lilikuwa zuri, lakini aliyetakiwa kuishi humo hakuwa ameridhika. Fathy mwenyewe aliandika kitabu juu ya mkasa huo, na wanafunzi wa dunia nzima hukisoma hata leo.

MASWALI YA BABU

Msichana wetu amelipata somo la Fathy bila ya kwenda Misri.

Kazi yake ya mwaka wa mwisho ni nyumba za jamaa kumi na mbili katika kiwanja kimoja mjini Malindi, ghorofa juu ya ghorofa, kwa sababu ardhi ni haba na bei yake haikamatiki. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa njozi kwelikweli: vioo upande wa bahari, ngazi zinazoning'inia, na kumbi zinazotazamana ili jirani amwone jirani. Likizo ilipofika akauchukua akampelekea babu yake.

Mzee aliiweka karatasi mezani, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza:

"Mlango huu na huu yatazamana?"

"Ndiyo, babu."

"Basi huu ukifunguliwa, aliye mlango ule ataona mpaka jikoni. Mama yako atavaa buibui akipika?"

Msichana akanyamaza.

"Na mgeni wa kiume akija, ataketi wapi wanawake wakiwa na kazi zao?"

Akamwonyesha ukumbi.

"Huo ni njia, mjukuu wangu. Mtu hapokewi njiani." Kisha akauliza swali la tatu, kwa sauti ya chini. "Na mimi nikifa katika nyumba hii, mtanioshea wapi?"

Msichana aliniambia kwamba katika miaka yote ya masomo yake hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Alikuwa amepima upepo, amepima jua, amehesabu magari mangapi yataegeshwa. Hakuwa amempima maiti. Katika nyumba za zamani mahali pake palikuwapo, huko ndani kabisa, palepale ambapo mzazi alilala na mtoto akazaliwa. Mtu aliingia na kutoka duniani kwa mlango mmoja.

"Nilikasirika kwanza," alisema. "Nikaona babu ataka nimjengee Lamu ya zamani. Usiku ule nikafikiri. Hakuniambia niweke boriti. Hakuniambia niweke zidaka. Ameniuliza watu watafanya nini humo."

Akarudi Nairobi akaanza upya. Ghorofa zimebaki, na zege limebaki. Lakini milango haitazamani tena; kila mmoja una kituo kidogo mbele yake kinachogeuza njia, nayo ni tekani kwa sura nyingine. Mbele ya kila nyumba pana baraza fupi. Vioo vimepungua, na mahali pake pana kuta za matundu zinazoingiza kusi na kuzuia macho. Na chini, karibu na kisima na birika la maji, ameweka chumba kimoja cha jamaa wote kumi na mbili.

"Mwalimu akaniuliza, chumba hiki ni cha nini? Hakina jina kwenye ramani. Nikamwambia, ni chumba cha siku mbili: siku ya arusi na siku ya kilio. Siku nyingine watoto watasomea Kurani."

Nyumba hizo hazijajengwa, na huenda zisijengwe. Kiwanja ni cha kweli lakini mwenyewe hajui kama kimechorwa. Hata hivyo swali la mzee limekwisha kuingia katika karatasi, na karatasi imekwisha kupita mbele ya walimu na wanafunzi wenzake. Kesho mmoja wao atakapoitwa kuchora majumba ya Mtwapa au ya Kilifi, huenda akalikumbuka.

TULIO NA NYUMBA BADO

Sasa yatupasa sisi tuseme letu. Mara nyingi tumelalamika kwamba majumba mapya yanayoota kandokando ya barabara yetu hayana sitara, hayana baraza, hayana mahali pa mgeni. Ni kweli. Lakini ni nani aliyemweleza mchoraji? Tukienda kwake huwa twasema vyumba vitatu, choo cha ndani, bati la rangi. Hatumwambii tunavyoishi, kisha twamlaumu kwa kutochora tunavyoishi.

Na tulio na nyumba za wazee bado zimesimama, ziwe za mawe au za udongo na makuti, tusingoje mtaalamu. Nyumba ya makuti nayo ina ukumbi wake, ina ua wake, ina mpango wake, na huanguka upesi kuliko ya mawe. Mwite mtoto anayesoma skuli. Mpe daftari, rula na utepe. Apime urefu na upana, atie milango, atie kisima, atie mshale wa kaskazini ambao ni mshale wa kibla. Kisha mketishe bibi kando yake, aseme kila chumba kiliitwaje, nani alilala wapi, nani aliolewa humo. Wenye nyumba waombwe ruhusa, na ya ndani yabaki ndani kama adabu itakavyo. Kazi hiyo ni ya alasiri moja.

Nilimuuliza msichana kama yeye ameifanya kwao. Akasema ndiyo. Nyumba anayokaa babu sasa ameichora yote, na mzee mwenyewe ndiye aliyemshikia ncha ya utepe. Ile ya Shela iliyobomolewa pia amejaribu kuichora, kwa maneno ya babu na ya dada yake. Karatasi ni moja, lakini visima viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kando ya kila kimoja ameandika jina la aliyemwambia.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeliacha nyufa nyingi. Basi angalau tuuchore ukuta ungali umesimama, ili atakayekuja kuujenga ajue ulikuwa wapi, na ulikuwa wa nani.